Ati Nyasi Tu!

Masika yamekata, ukoka umefika magotini, na asubuhi hii mwenye bwawa la samaki mmoja wa Nyali kanitazama toka kibarazani: "Fundi, elfu nzima ya kukata nini? Si nyasi tu hizo?"

Nyasi tu! Kingo zenyewe zimesimama kama kuta za Ngome.

Nikatoa ubao wa mita moja na pima maji, taratibu, kama daktari. Ncha moja ya ubao juu ya mteremko, ubao ulale sawa, kisha pima toka ncha ya pili hadi ardhini. Ikizidi sentimita 27, ushapita nyuzi 15 za mwinamo: mashine ya nyasi ya kukalia isikanyage. Hapa zilitoka 60.

"Mbona mimi naona tambarare?" Akaweka kikombe cha kahawa nyasini kuthibitisha. Kikombe kikaondoka bila kuaga, kisahani kikakifuata, chubwi!

Unadhani alinyamaza? Akaburura mashine yake ya kusukuma, aishushe toka juu hadi majini, "mistari ipendeze". Mzee, hiyo hukatishwa ubavuni mwa mteremko! Ukishuka nayo unateleza, ukiipandisha inakurudia, na kisu hakichagui baina ya ukoka na kidole. Hakusikia. Injini nayo ikiinama sana, oili hukimbilia upande mmoja: vyuma vinasagana vikavu, na inayopenya kwenye silinda inaungua. Hatua tano, moshi mweupe kama jiko la mishikaki, mashine kimya.

"Umeniharibia!"

Mikono yangu i mfukoni, wallahi!

Hapo ni fyekeo, au mashine ya begani yenye uzi wa nailoni. Yangu hunywa mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Yeye alishaanza kumimina kwa macho. Unakata ukielekeza majani yaruke juu, si majini. Yakiozea humo yanamaliza hewa, samaki wanaelea. Nusu mita kando ya maji unaacha nyasi ndefu, mizizi ishike udongo. Yeye anataka panyolewe kama kidevu cha bwana harusi, halafu vuli ikiporomosha ukingo tuambiwe tumechimba sisi.

Mbu, sisemi. Kenge naye ana hati ya shamba.

Na wa tuktuk kaitoza mashine nauli ya mtu mzima! Basi ipe kiti! Imelala miguuni pangu, inanivujia petroli kwenye suruali, na yeye huyo anawasha sigara.