Mpeni mwokota chupa kibali chake

Juzi pale Bwaise, divisheni ya Kawempe hapa Kampala, watu wenye sare wamepakia magunia ya chupa za plastiki kwenye pikapu, na mama aliyeyakusanya amesimama pembeni anauliza tu, wanangu nimekosa nini? Akaambiwa hana leseni ya kukusanya taka. Magunia yakaenda, na mimi hasira bado ninayo.

Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, la taka za Kampala, liliporomoka, takataka zikafunika nyumba na watu wamo ndani, wakafa zaidi ya 30. Dampo lile lilifunguliwa 1996 na kila mtu alikuwa anajua limejaa. Sasa kila gunia analouza yule mama kwa wanunuzi wa plastiki haliendi dampo, wala haliingii mfereji wa Lubigi kutuletea mafuriko mvua ikinyesha, halafu eti yeye ndiye mkosaji!

Sheria tunayo. Ipo Sheria ya Mazingira ya 2019, zipo kanuni za taka za 2020, na kifungu cha 39 cha katiba kinampa kila Mganda haki ya mazingira safi. Shida ni leseni. Mwenye lori na ofisi na karani wa kumjazia fomu ataipata, lakini kikundi cha kina mama wenye toroli moja watapitia wapi? Mimi nataka kibali kidogo kinachotolewa hapohapo divisheni, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anawajua anawaandikia barua, ada iwe ya kulipika, wapewe na kiwanja cha kuchambulia ambacho hawatafukuzwa siku mwenye ardhi akipata mnunuzi. Na wakikamatwa wawe na wakili wa bure, maana mtu asiyejua haki yake anaachia mzigo wa wiki nzima na kushukuru hajalala selo.

Tena sheria haifuatwi kwa wote: kaveera nyembamba, hii mifuko ya plastiki, sheria imezikataza, na sokoni Kalerwe nyanya bado zinafungwa humo.

Haya, nakubali, wapo wanaochoma nyaya wapate shaba na moshi wote unaingia kwa majirani, wapo hata wanaong'oa mifuniko ya mitaro wauze skrepa. Hao washikwe. Lakini kikundi kikiwa na kibali kina jina na kina kiongozi, ukiona kosa unajua pa kuuliza.

Madiwani wa Kawempe, hili liingizeni kwenye kikao cha bajeti kinachokuja, na kabla ya hapo yule mama arudishiwe magunia yake.