Nyekundu ya geji si pambo

Juu ya meza yangu ya kazi kuna pistoni iliyoyeyuka ukingoni, upande wa vali za ekzosi, kama mshumaa uliosahauliwa juani. Ilitoka kwenye Subaru ya mteja, injini ya EJ20 yenye turbo, siku tuliyokuwa tukiituni kwenye daino, mashine ya roli inayopima nguvu ya gari likiwa limesimama, hapa Nairobi. Pampu ya mafuta ilikuwa imechoka na hatukujua. Turbo ilipojaa, petroli haikutosha, na uwiano wa hewa kwa mafuta ukapanda hadi 13.6 wakati mimi nilitaka usizidi 11.5. Namba hiyo ilikuwa kwenye skrini yangu muda wote. Rekodi ya laptopu inaonyesha sekunde nne nzima. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa mizunguko ya injini, kwa sababu ndio uliokuwa mkubwa, katikati, na mwekundu. Geji ya mchanganyiko huo wa hewa na mafuta ilikuwa kijiduara cha pembeni, na 13.6 ilikuwa ndani ya eneo lake la kijani.

Tangu siku hiyo gari halipandi daino kabla sijapanga geji kwa mkono wangu.

Wengi wetu tunaofunga MegaSquirt, Speeduino au rusEFI, kompyuta za injini ambazo fundi huzipanga mwenyewe, tunazituni kwa TunerStudio kwenye laptopu. Ni programu nzuri, na siilaumu. Ila dashibodi inayokuja nayo inakupa mipaka ya kuanzia tu, iliyoandikwa kwenye faili la mipangilio (la ini) na mtu ambaye hajawahi kuiona injini yako. Katika faili moja la zamani la MegaSquirt nilikuta geji ya mizunguko inageuka njano kwenye 3,000 na nyekundu kwenye 5,000. Kwa injini inayofika 7,000 bila shida, maana yake ni kwamba kila ukikanyaga, skrini inapiga kelele. Baada ya siku mbili jicho limeshazoea, na jicho lililozoea nyekundu halitashtuka siku ya moto wenyewe.

Bofya geji kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake. Utakuta mwanzo na mwisho wa kipimo, halafu mipaka minne: hatari ya chini, onyo la chini, onyo la juu, hatari ya juu. Hizo namba sita ndizo kazi yenyewe. Vijana huanza na picha ya nyuma, mishale ya kung'aa na herufi za magari ya mbio. Sina ubaya na urembo, lakini nimeona dashibodi zenye geji kumi na sita ambazo mwenyewe hawezi kuniambia hata moja inapoanza kuwa nyekundu.

Mimi nabaki na tano. Mchanganyiko upo katikati, mkubwa kuliko zote, umeanzia 10 na kuishia 16. Ukiiacha iende hadi 20, nusu ya uso wa geji unaishia mahali ambapo injini yenye turbo haina biashara ikiwa inavuta mzigo, na tofauti ya 11.5 na 13.6 inakuwa upana wa ukucha.

Hata hivyo mpaka mmoja hautoshi kwa mchanganyiko. 14.7 ni salama kabisa ukiwa barabarani unatembea polepole, na ni kifo turbo ikisukuma. Oili vilevile: presha ya 15 psi gari likinguruma bila kukanyagwa hainisumbui, lakini 15 hiyohiyo kwenye mizunguko 6,000 inamaanisha beringi zinakwisha. Kwa hiyo natumia taa zenye sharti badala ya kutegemea rangi ya geji peke yake. Taa yangu ya kwanza inawaka tu ikiwa shinikizo la manifoldi, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini, limepita 120 kPa na mchanganyiko umepita 12.2. Ya pili inawaka mizunguko ikipita 4,000 na oili ikiwa chini ya 40 psi. Nyakati nyingine zote zimezimika, na ndiyo sababu naziamini.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo halimo katika maelekezo ya wenzetu wanaoishi usawa wa bahari. Wao huchora mstari kwenye 100 kPa, takriban presha ya hewa ya kwao, na kusema juu yake turbo imeanza kusukuma. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa yetu ni takriban 82 kPa. Fungua swichi bila kuwasha injini, utaiona namba hiyo kwenye geji ya manifoldi. Ukiiacha alama kwenye 100, turbo imeshasukuma kPa 18 kabla geji haijakubali. Mimi naweka alama kwenye 82, na gari la Mombasa naliwekea 101.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha namba yenyewe ni ya kweli. Vidhibiti vya sensa ya oksijeni, inayopima mchanganyiko kwenye ekzosi, havitoi volti kwa mpangilio mmoja. Kimoja kinahesabu volti 0 kuwa mchanganyiko wa 10, kingine kinaihesabu 7.35. Ukichagua jedwali lisilo lake, utakuwa na geji nzuri sana inayokudanganya. Linganisha namba ya laptopu na ile ya kidhibiti chenyewe, kwenye mchanganyiko mzito (wenye petroli nyingi) na kwenye mkavu (wenye petroli kidogo), siyo mahali pamoja tu.

Wako wanaoniambia geji hazina maana siku hizi kwa sababu kompyuta ya gari inaweza kukata mafuta yenyewe. Ndiyo, iwekeni hiyo kinga. Inawahi kuliko jicho la mtu yeyote. Lakini kinga inakata tu. Anayejua kama ni pampu, waya au sensa ni fundi anayetazama.

Mwenye ile Subaru amerudi na injini mpya. Aliomba dashibodi yake ya zamani yenye picha ya miali ya moto, nikamhifadhia mafaili mawili: la picha kwa siku za maonyesho, na la geji tano kwa safari. Jumamosi anateremka Mombasa. Nimemwomba asimame Mtito Andei, katikati ya njia, azime injini, afungue swichi tu, anitumie namba ya manifoldi anayoiona.