NL Pure au Victory SF: ipi ikae shingoni mwa mwongoza wageni?

Mdogo wangu mmoja wa kazini, mwongoza wageni hapa Arusha, amepata bahati ambayo wengi wetu huisikia kwa wenzetu tu. Mgeni aliyezunguka naye Serengeti siku sita amemwandikia kwamba anarudi mwezi wa pili na angependa kumletea darubini. Achague mwenyewe: Swarovski NL Pure au Zeiss Victory SF, zote 8x42, yaani zinakuza mara nane na lenzi ya mbele ni milimita 42. Ameshazishika zote mbili, za wageni, kwa dakika mbili tatu. "Kaka, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Kila moja inauzwa zaidi ya dola 2,500. Hela hiyo inanunua pikipiki mpya ya bodaboda na chenji inabaki, kwa hiyo si swali la kujibiwa kwa kusoma karatasi ya kiwandani. Nami nisifiche upendeleo wangu: SF nimeitumia msimu wa tatu sasa. NL nilikaa nayo siku nne mfululizo, mwenye nayo alipougua tumbo akabaki kambini.

NL Pure ilitoka 2020, kazi ya Swarovski Optik ya Absam, kule Tyrol, Austria. Ukiiweka machoni mara ya kwanza unaguna. Picha ni pana kiasi kwamba unasahau kuwa unachungulia kwenye matundu mawili. Kiwanda kinaandika upana wa picha wa mita 159 kwa umbali wa mita 1,000; SF ni mita 148. Tofauti ya mita 11 inasikika kubwa, lakini sisi hatutazami wanyama walio kilomita moja. Ukiishusha hadi mita 100, inabaki kama mita moja na kidogo, yaani urefu wa swala pala aliyesimama ubavu. Je, swala mmoja ana thamani? Wakati mwingine anayo. Tumbusi wakizunguka juu ya mzoga, NL inakuwezesha kumfuata yule mkubwa mwenye kichwa kipara chekundu akishuka, huku wengine wote ukiwa nao bado ndani ya picha. Na pembeni kabisa mwa picha, pale ambapo darubini nyingi huanza kuwa na ukungu, NL bado inakuonyesha unyoya mmoja mmoja. Hapo SF haifui dafu.

Halafu kuna umbo. Mapipa ya NL yamebonyezwa katikati, ina kiuno kama mtungi, na vidole vinakaa humo vyenyewe. Unaweza pia kununua kiegemeo cha paji la uso ili picha isitikisike. Kwa aliyekaa kitini kando ya bwawa, kitu kizuri sana. Kwa sisi tunaovaa kofia tangu alfajiri, kinagombana na ukingo wa kofia.

Lawama inayosikika sana kuhusu NL ni mwanga. Jua likiwa chini, na wewe ukitazama upande wake, baadhi ya watu huona weupe kama mwezi mchanga sehemu ya chini ya picha. Si kila mtu anauona. Inategemea jicho limekaa wapi na vikombe vya macho umevivuta kiasi gani. Lakini fikiria saa zetu za kazi: saa moja na robo asubuhi unatoka Seronera, katikati ya Serengeti, jua limesimama usoni, na hapo ndipo chui anashuka kutoka kwenye mwegea. Muda wetu bora wa kuona wanyama ndio muda mbaya wa lenzi.

SF ni ya Zeiss, inaundwa Wetzlar, Ujerumani, na ilitangazwa 2014. Ina uzito usiofika gramu 800; NL ina kama 840. Hizo gramu chache hazinishughulishi. Kinachonishughulisha ni mahali uzito ulipokaa. Zeiss waliusogeza nyuma, karibu na macho, hivyo pua ya darubini haivuti mikono kwenda chini. Huwezi kulijua hilo dukani. Unalijua saa tisa alasiri, umesimama chini ya paa lililonyanyuliwa, gari zima linasubiri nyumbu waamue kuvuka au kutovuka, na wewe ndiye uliyeambiwa usishushe macho.

Gurudumu lake la fokasi, lile la kuifanya picha ionekane vizuri, linakaa chini ya kidole bila kukitafuta, na linakwenda haraka. Pia inashika kitu kilicho mita 1.5 tu kutoka machoni, wakati NL inataka mita 2. Nusu mita hiyo ni upuuzi ukiwa garini, lakini kwenye matembezi ya miguu, kinyonga akiwa kwenye tawi mbele yako, NL inakulazimisha kurudi nyuma hatua moja na kumkanyaga mgeni. Ubaya wa SF? Matoleo ya mwanzo, yale ya kijivu, yalikuwa na rangi iliyoelemea kidogo kwenye unjano na kijani, na kingo za picha hazijanyooka kama za mwenzake.

Kuhusu giza la jioni, nisipoteze muda wa mtu. Zote zina lenzi ya milimita 42 na zinakuza mara nane. Ukigawanya unapata milimita 5.25, huo ndio upana wa mwali wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa saa ambazo mbuga hufungwa, anayekuambia moja inang'aa waziwazi kuliko nyingine anakuuzia kitu.

Liko jambo dogo ambalo wachambuzi wa Ulaya hulipita: mkanda. NL inashika mkanda wake kwa vishikizo maalumu vya kiwandani. SF ina matundu ya kawaida. Mkanda wa SF ukikatika porini Ndutu, unapitisha wowote, hata wa begi la kamera, kazi inaendelea. Vishikizo vya NL kupotea porini ni barua kwenda Austria. Vumbi lenyewe haliingii ndani ya yoyote kati ya hizi, zimefungwa vizuri. Kinachoziua ni sisi, tunaofuta lenzi kwa pindo la shati kabla ya kulipuliza vumbi kwanza.

Kwa hiyo nimemwambia achukue SF. Picha ya NL ni bora, hilo silibishi, na ningekuwa mstaafu mwenye kiti na bwawa langu ningeinunua hiyo. Lakini darubini ya mwongoza wageni hunyanyuliwa mara mia mbili kwa siku, hupokezwa wageni saba, na kutupwa juu ya dashibodi simba anapotokea ghafla.

Jana jioni amenijibu kwa ujumbe wa sauti. Anasema amenielewa kabisa, kila neno, na ananishukuru. Ila NL ina kiuno.