Fedha za Mwanachama Asiyepatikana

Mwaka 1935, Rais Franklin Roosevelt alipounda wakala wa kusambaza umeme vijijini, ni takriban nyumba moja tu kati ya kumi za mashambani Marekani iliyokuwa na umeme, kwa kuwa kampuni za biashara hazikuona faida ya kusimika nguzo maili nzima kwa ajili ya wateja wawili watatu. Wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa serikalini, wakajivutia umeme wenyewe.

Vyama hivyo vingalipo, na havigawi faida kwa wanahisa wa nje. Ziada ya mwaka huandikwa kwenye akaunti ya kila mwanachama kwa kadiri ya umeme aliolipia, lakini fedha zenyewe huendelea kujenga na kukarabati njia za umeme, na mara nyingi hurudishwa baada ya miaka 20 au zaidi. Kufikia hapo mwenyewe amehama, amebadili jina au amefariki. Hundi ya dola chache hutumwa kwenye shamba lililokwisha kuuzwa, na bahasha hurudi na muhuri wa posta.

Kwa kawaida, sheria za majimbo hutaka mali isiyodaiwa ikabidhiwe jimbo, liitunze hadi mwenyewe ajitokeze. Kwa benki sina ubishi, maana fedha zikibaki humo wanaonufaika ni wenye hisa, ambao huenda hawajawahi hata kumwona mteja huyo. Ushirika ni jambo jingine: fedha hizo zilitoka katika bili za kijiji, na zikienda makao makuu ya jimbo hazirudi kijijini kwa urahisi. Ndiyo maana napendelea njia ya Texas, ambako sheria inaruhusu vyama vya ushirika kuelekeza sehemu ya fedha hizo kwenye ufadhili wa wanafunzi wa vijijini, uchumi wa vijijini na matumizi bora ya nishati.

Hata hivyo, ushirika unaonufaika pale mwanachama asipopatikana hauna haraka ya kumtafuta, na hili watetezi wake hulipita kimyakimya. Kwa hiyo majina yatangazwe kila mwaka, warithi waandikiwe, na fedha zikishatumika deni libaki vitabuni bila ukomo, ili mjukuu anayeleta cheti cha kifo na hati za mirathi hata baada ya miaka 30 alipwe kutoka mapato ya mwaka huo.