Wakimbizi wa Kagera: nani alipata, nani alikula hasara

Wakimbizi wakitajwa tu, lazima mmoja aseme hawa watu wanatuchukulia kazi na kushusha malipo, na mwingine amjibu kwamba wachumi walishathibitisha wageni wanakuza uchumi, basi kila mtu anabeba lake anaondoka. Mi naona wote wawili wana ushahidi, na ushahidi mmoja mzuri sana uko hapa hapa Tanzania, mkoani Kagera, ila hatuutumii kabisa.

Turudi 1994. Mwishoni mwa Aprili watu kama 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakaangukia wilaya ya Ngara, ndo ikazaliwa kambi ya Benaco. Warundi nao walishaanza kuingia tangu Oktoba 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Kuna sehemu za magharibi mwa mkoa wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Sasa kuna bahati moja hapo. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanazunguka Kagera kuhoji kaya zaidi ya 900, na shida yao wala haikuwa wakimbizi, walitaka kujua vifo vya UKIMWI vinaziathiri vipi familia. Halafu 2004 na 2010 wakawatafuta watu wale wale tena. Kwa hiyo tuna data za kabla na za baada, na kwa vile makambi yalibanana kule karibu na mpaka huku upande wa Bukoba ukiguswa kidogo sana, unaweza kulinganisha. Data za hivi ni adimu hata kwa nchi tajiri.

Zinasemaje? Wachumi Alix-Garcia na Saah walikuta bei za vyakula ambavyo havikuwa kwenye msaada zilipanda sana, vile vya msaada vikapanda kidogo. Inaeleweka, manake mkimbizi anapewa mahindi na mafuta lakini roho yake inataka ndizi, kwa hiyo anauza sehemu ya mgao anatafuta ndizi kwa jirani. Mwenye kibanja kikubwa cha migomba hapo kapata mara mbili: mkungu wake umepanda bei na mtu wa kumpalilia amekuwa rahisi. Wenye maduka, wenye magari, wenye vyumba vya kupangisha watu wa mashirika ya misaada, wote walikula vizuri, na walimu na manesi wengine wakaacha kazi za serikali wakakimbilia mashirika.

Haya, njoo kwa kibarua. Watafiti wengine, Maystadt na Verwimp, walivyochambua kaya zile zile wakakuta wafanyakazi wa mashambani ndo walioumia, na Ruiz na Vargas-Silva wakakuta waliokuwa karibu zaidi na wimbi lile walipungua kwenye kazi za kuajiriwa nje, wakarudi kulima shamba la nyumbani au kuangalia mifugo. Sababu yake mi naona watu huwa wanairuka. Mkimbizi anayeomba palizi tayari ana mgao wa chakula kambini, hela ya kibarua kwake ni ya juu ya hapo, kwa hiyo anaweza kukubali malipo ambayo mwenyeji asiye na shamba, ambaye hiyo hela ndo unga, ndo sabuni, ndo daftari la mtoto, akikubali analala njaa. Na huyo huyo mwenyeji akienda gulioni anakuta ndizi imepanda. Baez naye alikuta watoto waliokulia upande ule walikuja kuwa wafupi kidogo na kusoma kidogo kuliko wenzao, hiyo sio hasara ya msimu mmoja.

Kwa hiyo ukiuliza "kwa wastani" jibu linaweza kuwa zuri na bado aliyelia akawa amelia kwa haki. Wamarekani wamegombana hivi hivi kuhusu Miami. Mwaka 1980 Wacuba kama 125,000 walitokea bandari ya Mariel kwao Cuba wakaingia Marekani, nguvukazi ya Miami ikaongezeka kama asilimia 7, mchumi David Card akaandika 1990 kwamba mishahara haikuyumba. Miaka mingi baadaye mchumi mwenzake George Borjas, mwenyewe mzaliwa wa Cuba, akachukua wanaume tu wasiomaliza sekondari, tena wasio na asili ya Kilatini, akasema malipo yao yalishuka kwa asilimia 10 hadi 30. Wachumi Clemens na Hunt wakamjibu kwamba sampuli yenyewe, yaani watu waliohojiwa, ilibadilika kipindi kile, wanaume weusi wakaongezeka ndani yake, na hao walikuwa wanalipwa kidogo tangu zamani. Mi kwenye hilo naegemea kwa Card, lakini swali la Borjas la kuuliza nani hasa ameguswa lilikuwa sahihi, na kwa Kagera ndo lenye jibu.

Ila wanaotumia hasara ya kibarua kutetea kuwafungia watu kambini wananishangaza. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na akitaka kufanya kazi awe na kibali. Matokeo yake fundi, mwalimu, mshonaji, wote wanabaki na njia moja ya uchochoroni, kupalilia shamba la jirani wa kambi, pale pale aliposimama mwenyeji maskini kuliko wote. Wangetawanyika kwa ujuzi wao ule mzigo ungegawanyika. Serikali nayo ina hoja, usalama wa mpakani haukuwa mchezo miaka ile na misitu ya Ngara iliteketea kwa kuni, siwezi kusema hayo ni visingizio.

Halafu kuna barabara. Wanyarwanda wengi walirudishwa Desemba 1996, lakini Maystadt na Duranton wakakuta maisha ya kaya zilizokuwa karibu na makambi yaliendelea kuwa bora miaka mingi baadaye, na wanasema chanzo kikubwa ni barabara zilizojengwa kwa ajili ya kuhudumia kambi, usafiri ukawa nafuu. Mshabiki wa wakimbizi ataichukua hiyo kama ushindi wake, mpinzani atasema kumbe dawa ilikuwa barabara, mngetujengea tu bila wakimbizi. Sawa, lakini Ngara ilikuwepo miaka yote hiyo na barabara haikuja mpaka malori ya mahindi yalipotaka pa kupita.