Fungua folda ya nyimbo kabla ya kufungua pochi

Ma-DJ wengi wanaoanza huulizana kontrola ipi, yaani mtambo wa vitufe na magurudumu unaoendesha programu ya DJ kwenye laptopu, ni kali kabla hata ya kuulizana wanapiga nini. Ndiyo maana unakuta vijana wenye ladha tofauti kabisa wamenunua mtambo mmoja, na baada ya muda wote wanachanganya kwa namna moja: lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo manne, filta juu, mwangwi, kisha wimbo unaofuata. Staili hiyo si yao, ni ya vitufe vilivyo karibu na vidole.

Anza kwa kupanga nyimbo zako kwa kasi. Bongo Fleva nyingi zinacheza kati ya mapigo 90 na 105 kwa dakika, amapiano 112 hivi, singeli 200 hadi 300. Kutoka wimbo wa 104 kwenda wa 112 unahitaji kuongeza asilimia 7.7. Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri ya mwaka 1979 ambayo wengine wanaiheshimu kama mzee wa ukoo, kitelezi chake cha kubadili kasi kinaishia asilimia 8, kwa hiyo utafika kwa tabu. Kutoka 100 kwenda 112 ni asilimia 12, na hapo hufiki. Kontrola za leo zinakuruhusu kufungua hadi 16 na zaidi, lakini kuna gharama yake. Kitelezi cha sentimita 6 kikiwekwa kwenye 16 juu na 16 chini, milimita moja ya kidole ni zaidi ya nusu asilimia. Kwenye wimbo wa 110, kosa hilo dogo linaachanisha nyimbo kwa nusu pigo ndani ya dakika moja. Kama unapenda kuunganisha kwa muda mrefu bila Sync, kitufe kinacholinganisha kasi na mapigo chenyewe, tafuta kitelezi kirefu na uache taa za pedi zikupite. Kama unakata haraka haraka, usilipie urefu huo.

Singeli ina hesabu zake. Amapiano ya 112 inaoana na singeli ya 224, pigo moja kwa mawili, na mpito huo hauhitaji mtambo wa mamilioni. Watu wa singeli wa Dar es Salaam walijenga mambo yao kwa laptopu, programu ya Virtual DJ na vidole kwenye kibodi. Anayewaambia bado hawana vifaa vya DJ hajasikiliza.

Zilipendwa ndizo zinazoumbua vifaa. Bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania zilipiga pamoja studioni, na mpiga ngoma hakuwa roboti. Programu inasoma mwanzo wa wimbo, inaamua ni 118, halafu inachora mistari ya mapigo hadi mwisho. Wimbo ukipanda taratibu hadi 121, kufikia dakika ya nne mistari hiyo imebaki nyuma kwa mapigo sita. Ukibonyeza Sync hapo, mtambo unakuvuta upotee kwa kujiamini. Zima Sync, weka alama kwa mkono mwanzoni mwa chemko, pale wimbo unapochangamka, na ukitaka lupu, bonyeza kuingia na kutoka kwa sikio lako, usiiachie programu ipime. Kwa muziki huu unachohitaji ni gurudumu linaloitikia msukumo mdogo wa kidole. Ukubwa wa skrini hausaidii kitu.

Kontrola ya njia nne, ya kupiga nyimbo nne kwa pamoja? Mpiga harusi mmoja mwenye MC mmoja anahitaji mbili. Anachohitaji zaidi ni maiki inayosikika, na kontrola nyingi za bei ya chini zina tundu moja la maiki lisilo na besi wala trebo zake. Chomeka maiki ya MC kwenye miksa ya mwenye spika. Kama kontrola inatoa sauti kwa RCA pekee, yale matundu mawili ya nyekundu na nyeupe, waya usizidi mita tano hivi. Zaidi ya hapo kelele zinaingia. Mvumo ukianza pale tu unapochomeka chaja ya laptopu, tatizo ni ethi, si kontrola. DI boksi, kisanduku kinachokaa kati ya kontrola na miksa, yenye swichi ya kukata ethi inaumaliza. Na taa nyekundu za sauti si sifa. Sauti ikishapita kiwango na kukwaruza kwenye kontrola, hakuna fundi spika atakayeirudisha.

Ukienda dukani, beba laptopu yako, hedifoni zako na nyimbo mbili zinazokusumbua: moja ya bendi, moja ya kasi. Zima Sync. Unganisha dakika mbili nzima kwa mkono, halafu geuza kontrola uone matundu ya nyuma. Muuzaji akikuwekea wimbo wa hausi wa 124 wa kuonyeshea, mwombe aitoe.