Flutter, React Native au Kotlin: tuanze na atakayebaki na msimbo

Kila ninapokaa na vijana wanaotengeneza programu za simu hapa Mbeya, wawe wamepitia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia au wamejifunza wenyewe kwa kompyuta ya kuazima, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye swali moja: tuandike kwa Flutter au kwa React Native? Swali hilo, linalohusu zana mbili za kuandikia programu moja kwa ajili ya Android na iPhone, lina uzito, kwa sababu jibu lake litaamua kazi ya miaka kadhaa. Ninachokiona ni kwamba linaulizwa mapema mno, kabla ya kujua watumiaji wameshika simu za aina gani, na kabla ya kujua nani atautunza msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, siku aliyeuandika atakapopata ajira Dar es Salaam au Dodoma na kuondoka.

Chanzo cha swali lenyewe kinaeleweka. Programu ya Android kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya Kotlin au Java, na ya iPhone kwa Swift, kwa hiyo anayetaka kuwafikia watu wa pande zote mbili hulazimika kuandika kazi ile ile mara mbili, kuijaribu mara mbili na kurekebisha kila kosa mara mbili. Fremuweki za majukwaa mengi, yaani zana kama Flutter na React Native zinazohudumia mifumo yote miwili, zinakuja na ahadi ya kuandika mara moja. Kwa kikundi cha watu wawili au watatu wanaofanya kazi katika chumba kimoja Mwanjelwa hapa Mbeya au Kihesa kule Iringa, ahadi hiyo ni kubwa, na anayeibeza hajawahi kulipa gharama ya kuandika mara mbili.

Flutter na React Native zinaitimiza ahadi hiyo kwa njia zinazotofautiana sana. React Native, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2015, humwezesha mtu kuandika kwa JavaScript, lugha ya kutengenezea tovuti, kisha vitufe, orodha na sehemu za kuandikia zinazoonekana kwenye kioo huwa ni zile zile za mfumo endeshi wa simu. Kwa miaka mingi mawasiliano kati ya JavaScript na simu yalipita kwenye kile walichokiita daraja, na daraja hilo lilielemewa pale orodha ndefu ilipopitishwa haraka kwa kidole. Muundo mpya ulioliondoa daraja hilo ulifanywa kuwa wa kawaida kuanzia toleo la 0.76, Oktoba 2024. Flutter ya Google, iliyofika toleo la 1.0 Desemba 2018, inashika njia nyingine: huandikwa kwa lugha ya Dart, msimbo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kufika kwa mtumiaji, na kila kitu kinachoonekana huchorwa na injini ya Flutter yenyewe, yaani sehemu inayosafiri ndani ya programu na kuiendesha, badala ya kuombwa kwa simu.

Tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye vitu vidogo. Kalenda ya kuchagulia tarehe katika Flutter inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na ikabaki kwa Kiswahili hata kama mwenye simu ameiacha simu yake kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri zake zimo ndani ya fremuweki. Kwa React Native, kalenda ya mfumo wa simu hufuata zaidi jinsi simu ilivyowekwa, na anayetaka nyingine huitafuta kwenye maktaba za nje, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine. Kwa upande wa pili, kwa kuwa Flutter huibeba injini yake, hata programu yenye ukurasa mmoja tu huanza na megabaiti kadhaa ambazo programu iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kotlin haizihitaji. Mtu anayenunua bando la siku huzihesabu megabaiti hizo.

Msimu uliopita nilikaa asubuhi nzima kwenye kituo cha kupokelea kahawa mbivu cha chama kimoja cha ushirika wilayani Mbozi, nikimtazama karani akitumia programu tuliyowaandikia kwa Flutter. Mkulima anashusha gunia kutoka kwenye bodaboda, linapandishwa mizanini, karani anaingiza namba ya mwanachama na kilo, anabonyeza, na printa ndogo ya Bluetooth aliyoifunga kiunoni inatoa stakabadhi. Simu yake ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 2, kioo kimepasuka kwenye kona, na vidole vyake vimejaa utomvu wa kahawa, hivyo kila kitufe tulichokuwa tumekipunguza ili skrini ipendeze kilimtaka abonyeze mara mbili au tatu. Katikati ya kazi alipigiwa simu. Aliporudi kwenye programu, mfumo endeshi ulikuwa umeshaifunga ili kuokoa kumbukumbu, ikabidi ifunguke upya huku foleni ikisubiri, na kilo alizokuwa ameziingiza bila kubonyeza zilikuwa zimepotea. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, si ungeandika tu kwenye daftari?"

Sehemu ya kosa lile ilikuwa yetu, na React Native isingetuokoa: kila tarakimu ilipaswa kuhifadhiwa ndani ya simu mara inapoandikwa. Sehemu nyingine, yaani muda wa kufunguka upya kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, inahusu fremuweki moja kwa moja. Programu ya Kotlin iliyoandikwa kwa uangalifu ina mzigo mdogo wa kupakia. Flutter hupakia injini yake kwanza, na React Native hupakia injini ya JavaScript, ingawa Hermes, ambayo imekuwa injini yake ya kawaida tangu 2022, imepunguza sana muda huo kwa kuutayarisha msimbo mapema. Kwenye simu ya mtengenezaji tofauti hii haionekani kabisa, na ndiyo maana nasisitiza kwamba simu ya karani iwepo mezani tangu siku ya kwanza ya kazi.

Printa nayo ilitufundisha jambo ambalo hakuna ukurasa wa matangazo unaolieleza. Plagini tuliyoitegemea, yaani kipande cha msimbo kinachoiunganisha programu na printa, ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja ambaye baadaye aliiacha. Dart 3 ilipotoka Mei 2023, ikikataa kabisa msimbo wa zamani usiotenganisha thamani iliyopo na isiyokuwepo, plagini ile haikuweza kuendelea nasi. Tulikuwa na njia mbili: kubaki na toleo la zamani la Flutter, au kuandika wenyewe kwa Kotlin sehemu ya kuzungumza na printa. Tuliandika. Hivyo sisi tuliochagua Flutter ili tusijifunze lugha ya Android tulijikuta tukiijifunza kwa haraka, wiki mbili kabla ya mavuno. Upande wa React Native hali haiko mbali na hiyo, kwani kuhamia muundo mpya kumezitaka maktaba nyingi za zamani zirekebishwe, na si zote zina mtu wa kuzirekebisha. Programu inayogusa mizani, printa au kifaa chochote kilicho nje ya simu itakurudisha kwenye lugha ya mfumo wenyewe, upende usipende.

Hapo ndipo hoja ya Kotlin inapopata nguvu. Kama makarani wote wa chama wanatumia simu za Android, na katika vituo vyote nilivyovitembelea Mbozi na Rungwe sijakutana na karani mwenye iPhone, basi faida kuu ya fremuweki hizi, yaani kuandika mara moja kwa mifumo miwili, inabaki kwenye karatasi tu huku gharama zake zikiendelea kulipwa. Na anayeanza na Kotlin hafungiwi mlango wa iPhone, kwa sababu Kotlin Multiplatform ya kampuni ya JetBrains, iliyotangazwa kuwa imara Novemba 2023, humruhusu kutumia sehemu ya hesabu na kanuni za biashara kwenye mifumo yote miwili, akiandika upya sura ya programu pekee pale atakapotaka.

Hata hivyo hoja hiyo nayo ina mipaka. Programu ya karani ni jambo moja. Programu ya mnunuzi wa parachichi za Njombe, au ya kukata tiketi za basi, itawakuta watu wenye iPhone, na mara nyingi hao ndio wanaolipa. Kuna pia kasi ya kazi: katika Flutter na React Native unabadilisha mstari mmoja na kuuona kwenye simu mara moja, bila kuijenga programu yote upya, na kwenye kompyuta yenye uwezo mdogo unafuu huo ni wa saa nyingi kila wiki. Upande wa gharama, akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja, ilhali ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na kuijenga programu ya iPhone kunahitaji Mac, iwe yako au ya kukodi kupitia intaneti. Mteja aelezwe mapema, maana fremuweki humpunguzia gharama ya kuandika, na hizi nyingine zinabaki pale pale.

Wapo wanaohofia kwamba fremuweki itakufa mikononi mwao, na hofu hiyo ina historia. PhoneGap, fremuweki nyingine ya aina hii, iliachwa na Adobe mwaka 2020. Xamarin, nyingine kama hiyo iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2016, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Mei 2024. Mwaka huo huo Google ilipunguza wafanyakazi, wakiwamo wa Flutter na Dart. Lakini mifano ya kampuni kubwa ipimwe kwa makini: Airbnb, ya kukodisha malazi, iliachana na React Native mwaka 2018, wakati Shopify, ya maduka ya mtandaoni, iliikumbatia mwaka 2020, na zote zina wahandisi wengi kuliko mji wetu wote unavyoweza kuwaajiri. Uamuzi wao unasema kidogo sana kuhusu kikundi cha watu watatu.

Kwangu mimi, swali lililo zito zaidi ni la mrithi. JavaScript inajulikana na karibu kila kijana aliyewahi kutengeneza tovuti, kwa hiyo atakayeupokea msimbo wa React Native anapatikana kwa urahisi, ingawa mara nyingi anaijua lugha bila kujua simu inavyofanya kazi. Mtu wa Dart ni adimu zaidi, lakini miradi ya Flutter niliyoipokea kutoka kwa wengine imekuwa na mpangilio unaofanana, hivyo naisoma haraka. Anayefahamu JavaScript tayari simshauri aiache kwa sababu ya mtindo. Anayeanza bila chochote, na mteja wake anahitaji mifumo yote miwili, ningempeleka Flutter bila kusita.

Kwa kituo cha Mbozi, nikipewa nafasi ya kuanza upya ningeandika kwa Kotlin. Sikupewa, na kuivunja programu inayofanya kazi katikati ya mikataba ya chama kungekuwa kuwaumiza wakulima kwa ajili ya usafi wa msimbo. Tumebaki na Flutter, vitufe vimekuzwa, kilo zinahifadhiwa kila tarakimu inapoingizwa, na sehemu ya printa ni yetu wenyewe. Google Play hupandisha kila mwaka toleo la Android ambalo programu inayosasishwa inapaswa kulilenga, kwa hiyo lazima mtu airudie kazi hii kila mwaka, awe mimi au mwingine. Ndiyo maana katika mkataba mpya tumehamishia akaunti ya Google Play kwenye jina la chama, funguo za kusaini programu, yaani za siri zinazothibitisha kwamba toleo jipya limetoka kwa mwenye programu, ziko kwenye kabati la mhasibu pamoja na nakala ya msimbo, na kijana wa chama anayeshughulikia kompyuta amekaa nami siku nne hadi akaweza kuijenga na kuipakia mwenyewe, bila mimi kugusa kibodi.